Sifa za Kidole cha Sita

Washairi wetu huuanza mwili wa binadamu utosini, na wengi huishia magotini. Macho yamesifiwa mpaka yamechoka. Shingo, mwanya, kiuno, vyote vina nyimbo zake za taarabu, na nyayo zikapakwa hina ili nazo zipate mtazamaji. Kidole cha sita cha mguu wa kushoto, kile kilichojitenga kando ya kidole cha mwisho kama konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala, hakijaimbiwa hata ubeti mmoja. Mimi mkazi wa Gungu, Kigoma, ninacho, nimekaa nacho tangu kuzaliwa, na leo nakilipia deni hilo bila kutumwa na mtu.

Sifa njema huanza na ukoo, na cha kwangu kina ukoo mkubwa. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21, kinamtaja jitu wa Gathi aliyekuwa na vidole sita kila mkono na sita kila mguu, jumla 24. Ni kweli aliuawa na mtoto wa nduguye Daudi. Lakini soma mpaka mwisho: aliuawa kwa kuwatukana Waisraeli. Kosa lilikuwa la mdomo. Vidole havikushitakiwa.

Huko New Mexico, Marekani, katika magofu ya Pueblo Bonito yaliyo kwenye bonde la Chaco, watu walioishi miaka 1,000 hivi iliyopita waliacha ukutani alama za nyayo zenye vidole sita, na wakachonga mawe ya umbo la ndara yenye nafasi ya kidole cha ziada. Mmoja wa waliozikwa pale alikutwa na furungu kwenye mguu wa vidole sita. Ule wa vitano ulikuwa mtupu. Watafiti waliandika habari hizo mwaka 2016, nami nilipozisoma nilinyoosha mguu juu ya stuli sebuleni, mbele ya wageni, nikauacha pale.

Madaktari wanaiita hali hii polidaktili. Mara nyingi hurithiwa, na mzazi mmoja akiwa nayo inatosha. Aina hii ya kwangu, ya upande wa kidole cha mwisho, huonekana kwa watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko kwa Wazungu, kwa hiyo anayenishangaa ajue anashangaa kitu cha kwao. Kwetu kilitoka kwa bibi mzaa baba, kikamruka baba, kikatua kwangu. Mali nyingine zote za bibi, kuanzia shamba la michikichi hadi sinia za shaba, ziligombewa mpaka mbele ya wazee wa mtaa. Hii peke yake niliachiwa kwa amani.

Faida zake ni nyingi, nitaje moja. Siku ya Ijumaa viatu hujaa mlangoni mwa msikiti, na kila mwenye umri wangu amewahi kutoka sala akakuta vyake vimeondoka na mtu mwingine, kwa bahati mbaya au kwa nia njema ya kuvipenda. Vyangu havijawahi kuguswa. Kiatu changu cha kushoto kina nundu pembeni, na mwizi akikitazama huona upesi kwamba pale pana mwenyewe. Wenzangu wanakaa roho juu toka rakaa ya kwanza. Mimi namsikiliza khatibu.

Sasa nifike kwenye shida, maana kitu kisicho na shida hakihitaji mtetezi. Dada yangu anamwoza binti yake. Kamati ya harusi, iliyojaa vijana wanaoamini kwamba harusi ni picha, ilipitisha kwamba wanaume wa upande wa bibi harusi wavae suti za bluu na viatu vyeusi vya ngozi, vile vya ncha. Mjomba ni mtu wa meza ya mbele. Dada akanipigia simu: "Kaka, safari hii usituletee makubazi." Nikaenda Mwanga madukani.

Muuza viatu wa Mwanga ana dawa moja kwa miguu yote ya dunia. Kikibana, anasema kitaachia.

"Vaa tu, mzee wangu. Ngozi itaachia."

"Ngozi ya nani?" nikamuuliza.

Hakujibu. Akaniletea namba kubwa zaidi, na kisigino changu kikawa kinaogelea huku kidole cha sita bado kimebanwa. Hapo ndipo nilipokitazama kiatu cha ncha kwa utulivu, nikiwa nimekishika mkononi, mahali pekee kinapokaa vizuri. Kile kiatu kimechongwa kwa ajili ya mguu ambao kidole chake kirefu kipo katikati. Mguu wa namna hiyo sijauona Gungu, sijauona Kibirizi kwa wavuvi, na sidhani kama upo Ulaya kilikobuniwa. Wenye vidole vitano nao hakiwaenei. Waangalie sherehe ikifika usiku: chini ya meza watu wamevua, wanasugua visigino, sugu zinapulizwa hewa, kucha zilizozama nyamani zinatafuta njia. Wanavumilia kwa sababu wakivumilia hakuna anayeona. Kidole changu hakijui adabu hiyo. Kikibanwa kinasema, tena kinasema palepale dukani, kabla pesa haijatoka.

Na sisi wa Kigoma tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote, maana hapo Ujiji ndipo viatu viwili mashuhuri kuliko vyote katika historia ya ziwa letu vilipokutana. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa akirudi kutoka Nyangwe, nchi ya Manyema, amechoka na anaumwa. Katika shajara yake ya safari hiyo analalamikia njia iliyojaa vipande vya mawe makali, vikiumiza miguu iliyosongwa ndani ya viatu vibaya vya Kifaransa. Halafu anaongeza, na hapa nampa heshima yake, kwamba hajui watu waliokwenda naye peku, wanaume kwa wanawake, waliistahimilije njia ile. Alifika Ujiji mwezi Oktoba. Siku chache baadaye akaja Stanley. Huyu, kabla ya kuingia mjini, alimwagiza mtumishi wake Selim amtolee suti mpya, amsugulie buti mafuta na kuipaka kofia chaki. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe ilikuwa tarehe 10 Novemba. Basi chini ya mwembe wakasimama wawili, mmoja buti zinang'aa, mwingine miguu imeiva. Kofia ilivuliwa, salamu ikasemwa, na hiyo salamu dunia nzima inaikariri mpaka leo. Mguu wa mzee haukuulizwa hali. Wala wapagazi, waliobeba mizigo ya watu, hawakuulizwa.

Ajabu ni kwamba viatu vya Kifaransa vilisamehewa upesi upande wa pili wa ziwa. Wale mabwana wa mavazi wa Kinshasa na Brazzaville, masapeur, wanakihesabu kiatu cha J.M. Weston kuwa ni kilele cha maisha, na wapo wanaojinyima kwa muda mrefu ili wakipate. Siwacheki. Mtu anayejua anachoumia nacho namheshimu. Ninayemcheka ni yule anayeumia na moka ya plastiki iliyopakwa kiwi.

Tusidhani pia kwamba dawa ilikuwa kuchonga vyetu. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangiwa kutoa pea milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo huo, na mwaka 1990 kikafungwa. Nchi iliyojaa watu wa peku ilijipanga kuwavisha Wazungu. Kidole changu kingekuwa kwenye bodi, kingeuliza swali moja tu.

Historia ya michezo nayo ipo upande wangu. Abebe Bikila wa Ethiopia alipewa viatu Roma mwaka 1960, havikumkaa vizuri, akavua akakimbia marathoni peku akaishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Na ndugu yangu wa damu, ingawa hatujaonana, ni Swapna Barman wa India, binti wa mvuta riksho, mwenye vidole sita kila mguu. Tarehe 29 Agosti 2018, Jakarta, alichukua dhahabu ya Michezo ya Asia katika shindano la michezo saba. Alikimbia, akaruka, akatupa, muda wote amevaa viatu vya watu wa vidole vitano. Baada ya ushindi akaomba hadharani atafutiwe viatu vinavyomfaa, na baadaye Adidas wakamtengenezea. Tazameni mpangilio wake: kwanza dhahabu, ndipo kiatu.

Mimi sina dhahabu, nina kamati. Ndiyo maana nilikwenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipiga picha, akanionyesha kwamba kidole changu kina mfupa wake kamili na kiungo chake, kimeegemea kwenye mfupa uleule unaobeba cha tano. Mtoto mchanga ambaye cha kwake kinaning'inia kwa ngozi tu, alinieleza, zamani alifungwa uzi shinani mpaka kikauke na kudondoka. Siku hizi madaktari wengi wanaona bora kukikata kwa ganzi, kwa sababu uzi huweza kuacha kinundu au kuleta maambukizi. Chenye mfupa huondolewa kwa upasuaji, na wengi husubiri mtoto akaribie mwaka mmoja. Kwangu mimi mtu mzima ingekuwa ganzi, kisu, pengine kuchonga kidogo mfupa uliobaki, nyuzi, halafu wiki kadhaa bila kiatu cha kufunika. Upo uwezekano wa kidonda kuchelewa kupona, na wa kovu linalouma likiguswa.

Nikapiga hesabu ya kalenda. Ili niweze kuvaa viatu vya harusi, ingenibidi niende harusini bila viatu.

"Kinakuuma?" daktari akauliza.

"Nikivaa viatu vya ofisini."

"Na usipovaa?"

"Hakina habari."

Akainamia faili. Chini ya meza niliona anairudisha nyuma miguu yake. Naye alikuwa amevaa vile vya ncha, na cha kulia alikuwa amekivua nusu.

Niseme jambo moja bila utani kabla sijaendelea kusifu. Kidole kinachochubuka kila mara, au kinachomzuia mtoto kutembea, hakihitaji mshairi, kinahitaji daktari wa mifupa. Na mwenye kisukari asinisikilize kabisa, kwa sababu kidonda cha mguu kwake kinaweza kuondoka na mguu.

Nyumbani mashauri yalikuwa mengi. Mdogo wangu alisema nikate, mambo yaishe. Shangazi, ambaye ndiye aliyebaki wa kumkumbuka bibi vizuri, alisema Mungu hakukosea hesabu, na kwamba bibi alitembea kwa mguu ule kutoka Kasulu na mzigo kichwani. Sikuthubutu kumwambia kwamba bibi hakuvaa moka.

Fundi viatu wetu hapa Gungu alikuja na hoja ambayo kwenye kamati ingekataliwa kwa kuwa ni rahisi mno: kama hukati kidole, kata kiatu. Alitaka kufungua dirisha pembeni na kulizibia kipande cha ngozi laini, kidole kipate baraza. Kazi yake niliiamini, ila alipoanza kuilainisha ngozi kwa mawese nikamzuia. Meza ya mbele ningefuatwa na paka wote wa ukumbi.

Tukaafikiana namna nyingine. Nilirudi Mwanga kwa yuleyule muuzaji, nikamwomba kulia namba 42 na kushoto namba 44, ya aina moja. Pea haivunjwi, akasema, na kwa hilo hakuwa tayari hata kuachia. Nikanunua pea mbili. Fundi akaijaza ncha ya ile kubwa kwa pamba na kupandisha soli ya ndani. Sasa navaa, natembea, na cha sita kimejilaza pembeni kwa raha zake. Mke wangu alizitazama risiti, akazikunja, akasema mchango wa harusi atautoa yeye, kwa kuwa mimi nimeshakichangia kidole.

Imebaki pea moja ndani ya boksi lake, haijavaliwa: nyeusi, ngozi halisi, ya ncha, kulia 44, kushoto 42. Mwenye kidole cha sita mguu wa kulia aniulizie kwa fundi viatu, Gungu. Bei tutaelewana.