Jinsi ya Kuwa Mwoga Naivasha Bila Kuaibika

Tukubaliane mapema. Unaogopa maji, au angalau unaiogopa ile boti ambayo kapteni wake anakuita, "Ingia tu, nafasi iko," huku watu wameshabanana. Wenzako wa chama wanakutazama. Hakuna mtu mzima anayependa kuitwa mwoga mbele ya watu waliochanga naye nauli ya matatu kutoka Nakuru. Kwa hivyo sitakufundisha ujasiri, hilo ni somo refu na Jumamosi ni fupi. Nitakupa njia za mkato: uogope yanayostahili kuogopwa, ujitoe kimasomaso, na urudi nyumbani na picha.

Kabla ya kutoka

Ukipewa nafasi ya kuchagua ziwa, pendekeza Nakuru. Ziwa lenyewe limo ndani ya mbuga, heroe wapo, vifaru wapo, na unatazama yote ukiwa garini. Mwoga hapati siku nzuri kuliko hiyo. Ila wengi watataka Naivasha, maana ndiko kwenye maboti na samaki wa kukaanga. Usibishane nao. Bishania saa.

Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na tabia yake inajulikana na kila mvuvi wa Karagita: asubuhi maji yametulia, alasiri upepo unaamka na mawimbi nayo. Kikundi kinachofika saa sita, kikala mpaka saa tisa, kinaingia majini saa mbaya kabisa kikiwa kimeshiba. Wewe sema hivi: "Tupande saa moja asubuhi, mwanga wa picha ni mzuri." Ni kweli tupu, na hakuna anayepinga mwanga wa picha. Ukiwaambia habari ya upepo watakucheka. Ukiwaambia kwamba jua la asubuhi linapendezesha uso, wataamka kabla yako.

Kuhusu vinywaji: mlevi ni abiria mbaya, na ni mwokoaji mbaya zaidi. Shika kikombe chako cha tangawizi tangu mapema na usikiweke chini. Watu humjazia yule aliye mikono mitupu.

Gatini

Sasa unahitaji kujua boti inabeba watu wangapi. Ukiuliza kwa woga, utajibiwa kwa kubembelezwa. Uliza kama mteja mkubwa: "Kapteni, mwezi ujao naleta kikundi. Hii inabeba wangapi?" Sasa anaongea biashara, na atakutajia idadi ya kweli kwa sababu anataka ukodi boti mbili. Hapo hapo hesabu vichwa. Endelea na sauti ile ile ya mteja: kasia ziko wapi? Injini ikizima katikati, anampigia nani? Kapteni mzuri hujibu bila kufikiri na hufurahi kuulizwa.

Vichwa vikizidi, usilalamike. Jitolee: "Nendeni, mimi nibaki niwapige picha mkiondoka. Nitaingia raundi ya pili." Utashukuriwa kwa ukarimu. Kila kikundi kinahitaji mtu wa nchi kavu mwenye simu iliyojaa chaji, na mtu huyo ndiye atakayeita msaada ikibidi.

Halafu jaketi. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo majivuno yanapoua. Katika boti nyingi utakuta jaketi za kuokoa maisha zimegeuzwa mito ya kukalia. Sponji iliyokaliwa mwaka mzima hubonyea, na ikibonyea haina tena nguvu ya kukuweka juu ya maji. Ichukue uibinye kwa vidole. Ikijaa tena, ni nzima; ikibaki bapa, omba nyingine. Angalia vile vifungo vya plastiki: vikivunjika, mkanda hauna kazi. Ivae, funga yote, kisha mwenzako aishike mabegani aivute juu. Ikikufika masikioni, ni kubwa kwako. Mpime mtoto hivyo hivyo, na usikubali avalishwe ya mtu mzima, maana yeye huchomoka kwa chini na jaketi ikabaki inaelea peke yake.

"Lakini itaharibu nguo yangu kwenye picha." Najua. Ndiyo maana picha hupigwa boti ikiwa bado imefungwa kwa kamba. Kaa pembeni, geuza mgongo kwenye ziwa, mpiga picha ainame ili gati lisionekane. Mafunjo upande mmoja, maji nyuma yako: hakuna atakayejua kwamba hujaondoka. Ukimaliza, sema, "Hii baridi jamani," kisha uvae jaketi. Saa moja asubuhi Naivasha ina baridi ya haki, hakuna wa kukubishia. Na tazama kitakachofuata. Wa pili atavaa, kisha wa tatu. Walikuwa wanangoja mtu wa kwanza.

Akitokea mmoja wa kusema unajidekeza, mwachie hadithi ya twiga wa Baringo. Maji ya ziwa lile yalipanda, rasi ya Longicharo ikawa kisiwa, na twiga wakanaswa humo. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga tisa walivushwa hadi nchi kavu kwa chombo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu, kuta zake ndefu pande zote, kikivutwa polepole na maboti. Hawakurundikwa wote safari moja. Muulize kama yeye ni bora kuliko twiga.

Majini

Kaa katikati na chini. Ukiulizwa, unashikilia mikoba ya watu.

Hatari ya kweli itakuja na tamasha. Kapteni atapunguza mwendo, atapiga mluzi, atanyanyua samaki na kumrusha. Furukombe atashuka kutoka juu ya mti, mabawa wazi, kucha mbele, na ataondoka na samaki. Ni jambo la kupendeza kweli. Na ni wakati huo huo abiria wote wanasimama, wote upande mmoja, kila mtu na simu yake, na ukingo wa boti unakaribia maji. Mnamo 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilikuwa cha watu 101, kikapakia zaidi ya maradufu. Waliokufa walizidi 220. Chombo kilichojaa hakihitaji dhoruba. Kinahitaji watu kuhamia upande mmoja tu.

Kwa hivyo jipe kazi. Kaa upande wa pili, umekaa kabisa, na utangaze kwamba unarekodi video ya wanaorekodi. Waambie, "Kaeni, nyuso zenu zinakatika." Watakaa. Nimeshasema, ni uso unaowaongoza watu.

Kisha viboko. Kiboko aliyezama anaweza kukaa chini dakika kadhaa, kwa hivyo maji matupu hayamaanishi kwamba hayupo. Wenzako watamhimiza kapteni asogee. Wewe mwambie, kwa sauti ya mjuzi, abaki mbali ili kundi zima liingie kwenye picha. Mkishuka, endelea na ustaarabu huo. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hili hili akipiga picha kwa karibu, akiwa nchi kavu. Jioni viboko hutoka kula nyasi, na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Ukialikwa kutembea ufukweni gizani, una simu muhimu ya kupokea chumbani.

Na boti ikipinduka hata hivyo? Hapo mwoga na shujaa wanafanya jambo moja: shikilieni boti. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na kati yako na ufuo kuna gugu maji linalofunga miguu. Boti iliyopinduka huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu mmoja hakionekani. Ukiwa gatini na ukamwona mwenzako anazama, usijirushe. Mrushie kamba, au jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, litambeba. Wengi wamekufa wakimfuata ndugu yao mikono mitupu, na mama akazika wawili.

Mbali na ziwa

Baadaye mtu atasema twende Hell's Gate, tushuke korongoni. Utafikiri maji mmeyaacha nyuma. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa katika korongo lile la Ol Njorowa. Septemba 2019 wakafa wengine saba. Walisombwa na mafuriko ya ghafla. Mvua hunyesha juu, mbali, na maji yakifika kwenye kuta zile nyembamba hayana njia nyingine isipokuwa hapo uliposimama. Anga la juu yako linaweza kuwa jeupe kabisa.

Kwa hivyo kukiwa na wingu zito upande wowote, kiatu chako kimeachia. Goti linauma. Sahau kofia kwenye gari. Tumia chochote, ila usishuke, na mchukue yule mwenzako mwingine ambaye unaona naye anatafuta sababu. Askari wa wanyamapori akisema korongo limefungwa, mshukuru kwa sauti ili wote wasikie.

Mwisho, pesa. Kuna siku kapteni mwenyewe atatazama mafunjo yakiinama, atakuna kichwa na kusema, "Leo hapana, upepo." Amepoteza siku yake kwa neno hilo, na jirani yake wa boti ya pili tayari anawapungia mkono. Toeni mchango, mumpe kapteni wenu angalau ya mafuta na chai, na mchukue namba yake. Mwambieni mtarudi kesho saa moja asubuhi, na mrudi kweli.