Sifa za Tone la Kiyoyozi

Karafuu imesifiwa, mlango wa nakshi umesifiwa, hata pweza wa Forodhani amepata wa kumsifu. Tone linalodondoka kwenye AC ya dirishani halina msifu hata mmoja. Basi leo nalisifu mimi.

Kwanza nasaba yake. Mwaka 1902, Mmarekani Willis Carrier alibuni mashine kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn. Hakutumwa kumpoza mtu. Karatasi zilikuwa zinanywa unyevu na kutanuka, rangi zikakosa mahali pake, naye akatakiwa autoe unyevu huo hewani. Tone, kwa hiyo, ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo. Anayefurahia ubaridi na kulilaani tone amemkumbatia mgeni akamfukuza mwenye nyumba.

Na lilipofika Unguja lilikuta riziki tele. Mwezi wa Machi, kaskazi imelala na masika hayajashuka, hewa huwa nzito hata nguo hazikauki kambani. Usiku kucha AC ya chumba kimoja tu pale Kiponda yaweza kukamua maji ya ndoo. Sultan Barghash aligharimika kuyavuta maji kwa mabomba kutoka Chemchem mpaka mjini. Sisi tunayapata chini ya dirisha, bila foleni na bila kidumu kichwani. Bure kabisa, ukiacha umeme wa Tukuza.

Lina utu pia. Mashine yenyewe ni bahili: hufunga dirisha, ubaridi ikaweka ndani, joto ikatupia kichochoroni. Kitu pekee inachowapa wapita njia ni tone. Nalo halichagui. Humwangukia mtalii aliyeinua kamera, humwangukia maalim anayekwenda kusali, na hutua katikati ya kofia ya viua ya mzee aliyekaa barazani na kikombe chake cha kahawa. "Nyie wa juu, maji yenu!" Dirisha hufunguliwa, kichwa hutokeza, samahani hushuka. Najua majirani ambao mazungumzo yao yote yameletwa na tone hilo.

Fundi naye ana haki ya kulishukuru. Huja, hutazama, hutikisa kichwa: "Gesi imekwisha, mzee." Hupaka silikoni pembeni, hulipwa, huondoka, tone humwita tena. Wallahi, kuna kaya zinazokula kwa jasho la AC.

Wenye roho ngumu wanaotaka kulikatisha riziki linapodondokea chumbani hawahitaji mengi. Mara nyingi AC imelalia ndani. Iinuliwe kidogo mbele kwa kipande cha ubao, nyuma iwe chini kiasi cha upana wa kidole, maji yafuate njia ya nje. Tundu la kutolea maji huziba kwa vumbi na ukungu. Lizibuliwe kwa waya. Kichujio kioshwe, kwani kikijaa uchafu hewa haipiti, barafu huganda kwenye mabomba ya ndani, na ikiyeyuka hufurika sakafuni. Nyufa za pembeni ya fremu nazo zizibwe, maana unyevu wa hewa ya joto inayopenya hapo hugeuka maji papo hapo ukigusa bati baridi. Umeme uzimwe kwanza, na mtu wa pili aishike mashine isije ikaanguka kichochoroni. Hapo sifa zote hizi zingegeuka kesi.

Nimebakisha sifa moja, nayo ni ushujaa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini tone haliogopi cheo. Huuramba ukuta kila siku mpaka chokaa ivimbe na kumomonyoka. Mwenye nyumba akikandika saruji juu yake, ndiyo kalisaidia: maji hubaki ndani, hayana pa kupumulia, yakaanza kuila ncha ya boriti pale ilipoingia ukutani. Dari hutoa habari baadaye sana.

Kwa hiyo wewe uliye ghorofa ya juu, ukishalielekeza tone nje usidhani umemaliza. Nunua mpira, ufunge kwenye tundu, uushushe mbali na ukuta mpaka mtaroni. Mzee wa barazani ameshabadilisha kofia.