Kasa na Baraza la Pwani ya Juani

Hapo zamani, katika Kisiwa cha Juani, mkabala na Mafia, wanyama wa pwani walikuwa na baraza lao. Mwenyekiti alikuwa Kaa, kwa kuwa ndiye aliyemiliki mashimo mengi. Katibu alikuwa Yangeyange, kwa kuwa ndiye aliyevaa kanzu nyeupe.

Usiku mmoja Bi Kasa aliinua kichwa majini. Aliondoka pale akiwa kinda wa kuenea kiganjani; sasa alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 25, aliyelelewa na nyasi za bahari za ugenini, na tumboni alibeba mayai.

“Bibi,” Yangeyange akamwita, “mchanga ni mchanga tu. Umepita fukwe ngapi njiani? Kwa nini ujichoshe kuja hadi huku?”

“Mjukuu wangu, nilitazamia shikamoo kwanza,” Kasa akajibu. “Kila pwani ina nguvu yake ya sumaku. Nilipotoka yaini, nguvu ya hapa iliingia mwilini mwangu. Sina ramani wala barua ya mwaliko, na njia sikuipoteza.”

Kaa akajitutumua. “Karibu sana! Asili tunaienzi. Kila mwaka tunaifanyia sherehe: ngoma, pilau na hotuba yangu. Tazama, hata taa tumewasha pwani nzima kwa heshima yenu mliotoka mbali.”

Kasa akatambaa hatua chache mchangani. Mwanga ukampiga machoni. Akageuka, akarudi majini. Usiku wa pili ikawa vilevile. Baraza likamlaumu kwamba ugenini kumemtia maringo.

Ndipo Gofu la Kua, lililonyamaza miaka mingi pale kisiwani kati ya mibuyu, likasema:

“Nisikilizeni, wanangu. Mimi nilikuwa mji. Nilikuwa na misikiti, visima na watoto waliokimbizana vichochoroni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walinivamia kwa ngalawa kutoka Madagaska, wakaua na kuteka. Kuta zangu zimebaki; watoto wale hawakubaki. Wageni huja kunitazama, husifu, kisha huondoka. Jiwe hukumbuka, lakini halizai. Ninyi mnaichezea asili ngoma, na mwenye kuiendeleza mmemfungia mlango. Zimeni taa.”

Kaa akapinga kwa ukali. Wote wakajua sababu: tangu zamani Kaa hula makinda ya kasa, na wanaopotezwa na taa humfikia mlangoni. Baraza likamwondoa kitini usiku uleule, na pwani ikarudi gizani.

Kasa akapanda hadi juu ya alama ya maji makuu. Akachimba kwa mapezi ya nyuma, akataga mayai zaidi ya mia, akayafukia kwa uangalifu. Machozi yalimtiririka.

“Unalilia nini, Bibi?” Yangeyange akauliza, safari hii kwa adabu.

“Silii. Hii ni chumvi ya bahari niliyoinywa safarini, mwili unaitoa.”

“Basi kaa nasi.”

“Sikuja kukaa, mjukuu wangu. Nimekuja kuacha.”

Baada ya miezi miwili hivi mchanga ukatikisika. Makinda wakafumuka usiku, wakaufuata mwanga hafifu wa upeo wa bahari. Wengi wao hawatafika utu uzima. Majike watakaofika watarudi pwani ileile, na ndiyo sababu Juani ina kasa hadi leo.

Msomaji wangu, asili huishi kwa kuzaa. Wewe unayekwenda kwenu kila Idi au kila Krismasi, ukapiga picha kaburini kwa babu kisha ukawahi basi, umefanya ziara, kurudi bado. Wapeleke watoto. Wafundishe lugha ya bibi yao, majina ya shangazi na wajomba zao, na miti ya shambani na dawa zake. Acha kitu kitakachoota nyuma yako. Nawe uliyebaki kijijini, umekabidhiwa pwani kwa niaba ya walio safarini. Usiuze kisima, usifyeke msitu wa mizimu, usimcheke mgeni aliyesahau salamu, mfundishe. Anayeondoka akumbuke, na anayebaki atunze. Mmoja wao akikosa, ukoo hukatika.