Injini Anayo, Breki Je?

Jirani yangu hana pikipiki. Ana baiskeli ya marehemu babu yake, injini aliyoing'oa kwenye mashine ya kufyekea nyasi, na imani. Miezi minne anachomelea, anafunga waya, anakaza nati, na kila Jumamosi anautangazia mtaa: kesho nawasha.

Tuseme kweli, imeshawaka. Tatizo injini hiyo ni ya stroki mbili. Oili yake huchanganywa na petroli kwa kipimo, sehemu moja kwa 25 au kwa 50, kutegemea injini. Kipimo cha bwana huyu ni jicho. Ikinguruma, moshi unatanda, mama wa vitumbua anafunika ndoo, nasi tunaanua nguo.

Usimcheke haraka. Mwaka 1885 kule Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach nao walifunga injini kwenye fremu, tena ya mbao, na inasimuliwa kwamba kiti kiliwaka moto kikiwa na mtu juu yake. Leo wanaitwa waasisi. Jirani anaijua sana habari hiyo. Ya kiti huiruka.

Ninachoogopa mimi ni breki. Ni zilezile za vyuma, zilizozoea kumsimamisha mzee akitoka shamba na mkungu wa ndizi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Nilipomweleza alinijibu, "Kaka, kwanza iende, kusimama tutajua mbele."

Sasa anatafuta abiria wa kwanza. Nimemwambia goti linanisumbua.