Michi Mitatu, Kinu Kimoja

Birika la chai lilianguka siku ya Alhamisi, saa tano kasorobo asubuhi, na hata leo, wiki ya pili ikielekea ukingoni, kila nipitapo sokoni Garsen nasikia watu wakivuma midomo imefumbwa, "mmmmm," mfano wa nyuki waliozuiliwa mzingani, kisha wakitazamana na kuangua kicheko. Nami huwaitikia salamu kwa adabu, kwa kuwa mvumo ule ni mali yangu halali, niliyoigharimia shilingi 48,000 taslimu, ukiacha nauli ya lori kutoka Mombasa na ujira wa vijana sita walioishusha.

Laiti ningaliufungua usiku msumeno wa umeme wenye mvumo huo, mlango umekomewa, fedheha ingalibaki baina yangu na taa. Walakini mtu aliyekwisha kulipa hutaka mashahidi. Nilitandika mikeka mbele ya karakana, nikaagiza chai na sinia zima la mahamri kwa mama muuza chapati, nikawaita majirani wote wa soko, na kwa ziada tukapata mzee mmoja Muorma aliyekuja mjini kwa shughuli za ng'ombe, ambaye hakualikwa na mtu, lakini aliegemea bakora yake kivulini kana kwamba ndiye mfadhili wa hafla. Juu ya mashine nilikuwa nimetandaza shuka jeupe. Nilipolivuta kukapita mnong'ono wa staha, na wallahi kwa sura chombo kile kiliustahili: meza ya chuma cha kusubu, nzito kama deni, iliyosawazishwa hata tone la maji likiwekwa juu yake halijui literemkie upande gani, bamba la meno la mviringo likichungulia katika ufa wa meza kama mwezi mwandamo, na ubavuni, kwa herufi zilizoinuka, jina la Wadkin, kampuni iliyoasisiwa Leicester, Uingereza, mwaka 1897, na ambayo maseremala wazee hulitaja jina lake kwa sauti ile ile wanayowatajia maulamaa. Dalali aliyeniuzia aliniapia kwamba chombo hiki kimepasua mbao tangu zama za Mwingereza wala hakijapata kuugua hata siku moja, na hilo nalisadiki mpaka sasa. Mimi nilimuuliza umri wa chombo, nikamuuliza bei, nikamuuliza bei mara ya pili. Sikumuuliza kinakula nini.

Nikasema Bismillahi, nikabonyeza kitufe cha kijani. Mashine ikavuma. Taa ya duka la jirani ikafifia, feni ya kinyozi ikapunguza mwendo kama inayotega sikio, na bamba la meno likabaki limetulia pale pale, tuli kabisa, hali mvumo ukizidi kupanda kutoka tumboni mwa chuma hata tukauhisi katika nyayo. Nikabonyeza tena, ikavuma tena. Mzee Muorma akatikisa kichwa, akasema kwa upole wa tabibu: "Mwanangu, ng'ombe akilia hivi, tafuta kisu mapema."

Ndipo kijana mmoja wa bodaboda, katika wale ambao Mungu amewajaalia ushauri usio na dhamana, aliposema isukumwe kidogo tu. Tukazungusha kamba katika ekseli, kama ziwashwavyo pampu kuukuu za mashambani kando ya mto, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na msumeno ukazunguka! Vigelegele vikapigwa. Nikatwaa ubao wa mwembe niliouchagua tangu juzi yake, nikausogeza mbele kwa taadhima, wala sikujua, wala katika umati ule wa wajuzi hakuna aliyejua, kwamba kamba nilikuwa nimeivuta kinyume, kwa hiyo meno yaliyopasa kunijia kwa juu na kushuka mezani mbele yangu yalikuwa yakipanda kutoka chini na kunikimbia. Badala ya kuukata ubao yaliuinua. Badala ya kuusubiri yaliunyakua mikononi mwangu na kuupeleka kwa wageni. Haukupaa mbali, wala haukwenda kwa kasi ya kuua, Alhamdulillahi. Ulikwenda kwa mwendo wa mtu aitwaye kula, ukaiangukia chai, ukapindua birika, ukajilaza katikati ya mahamri. Kisha mashine, baada ya kukirimu wageni wake hivyo, ikasimama na kurudia kuvuma.

Usiku sikulala, na nitakuwa mwongo nikisema ni kwa aibu peke yake. Nilitaka kujua kwa nini. Nimeulizia, nimesoma, na sasa ninajua habari ya mvumo ule kuliko nilivyotaka, nami nitakueleza upende usipende, kwa sababu ni jambo zuri ajabu na majirani zangu wamekataa kulisikiliza.

Umeme ufikao karakanani kwangu, kama ufikavyo katika nyumba na maduka yaliyonizunguka, ni wa fezi moja. Nguvu yake hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, mara 50 kwa kila sekunde, mfano wa mwanamke anayetwanga mpunga peke yake. Mchi wake una nguvu na hakuna awezaye kusema hafanyi kazi, lakini mchi huenda juu na chini tu, hauna habari ya kuzunguka. Mota ya namna ya msumeno wangu ikipewa umeme huo huvutwa kulia na kushoto kwa kadiri moja, kama kadhi aliyehongwa na pande zote mbili, ikatetemeka mahali pamoja isijue iende wapi. Na huko kutetemeka ndiko kuvuma. Ukiisukuma itakwenda, naam, lakini itakwenda upande wowote uliousukuma, haina maoni yake.

Sasa watazame wanawake watatu wa Kipokomo wakitwanga katika kinu kimoja. Wa kwanza akishusha, wa pili yuko njiani, wa tatu anainua, wala michi haigongani. Na ukifumba macho ukasikiliza utadhani mshindo unazunguka ukingo wa kinu, ingawa hakuna mchi hata mmoja uliozunguka. Hiyo ndiyo fezi tatu! Ndani ya mota mna mafundo ya waya wa shaba yaliyopangwa duara, na umeme wa kila waya huchukua zamu yake theluthi moja ya mzunguko nyuma ya mwenziwe, ukazaliwa mvuto wa sumaku unaozunguka pasipo kitu chochote kuzunguka. Na gogo la chuma lililo katikati, ambalo halikufungwa na waya wowote utokao nje, huufuata mvuto ule kama mbwa amfuataye mtu mwenye nyama, siku zote yu nyuma kidogo, maana akimfikia hatakuwa tena na sababu ya kukimbia. Mvuto ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, gogo hupata kama 2,900 hivi. Ukibadilisha nafasi za nyaya mbili tu kati ya tatu, zamu hupinduka na kila kitu huzunguka kinyume. Nikola Tesla, kwa maelezo yake mwenyewe, alijiwa na wazo hili mwaka 1882 akitembea katika bustani mjini Budapest, akalichora mchangani kwa kijiti, na hati za uvumbuzi akazipata Marekani mwaka 1888. Mimi nami nimechora mchanga wote wa mbele ya karakana. Kuku wameufuta.

Basi msumeno wangu ulizaliwa kwa michi mitatu, nami nikaupa mmoja.

Na michi hiyo inatoka wapi? Nimeuliza na hilo, na heri nisingaliuliza. Inatoka, pamoja na mahali pengine pa nchi hii, katika mto huu huu unaopita chini ya daraja la Garsen. Huko juu Tana umefungwa mara tano ili uzalishe umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji husukuma magurudumu ya mitambo, na kila mota ya fezi tatu iliyounganishwa na gridi, iwe Nairobi, iwe Mombasa, hufuata hatua za magurudumu yale. Maji yakisha kuifanya kazi hiyo huteremka kwetu yamechoka. Mvua ikizidi na mabwawa yakifurika, hutujia yote kwa pamoja, kama yalivyotujia mwaka 2018 na tena 2023, watu wakahama na magodoro vichwani, mpunga na migomba ikalala chini ya tope; na katika hayo hatukuambiwa kwamba maji ni ghali kutufikishia, au kwamba tupeleke maombi kwanza. Ama umeme wake nao unapita kwetu: laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai kwenda Lamu imekanyaga hapa hapa Garsen kwa miguu yake mirefu ya chuma. Nilikwenda katika ofisi moja kuuliza habari za fezi tatu, nikahesabiwa nguzo, nikahesabiwa waya, nikahesabiwa transfoma, mpaka jumla ikapita bei ya msumeno, na nauli ya lori, na karakana yenyewe pamoja na kiwanja chake. Karani, kijana mwenye adabu zake, akaniuliza kwa nini nisihamie Malindi. Nikamtazama, naye akanitazama. Nilipotoka nilisimama kitambo chini ya laini ile kubwa, na wallahi, nayo ilikuwa ikivuma.

Mengine yaliyofuata ni mafupi. Jenereta nililokodi lilitoa moshi mwingi kuliko mbao. Fundi wa umeme aliyetoka Hola alinifungia kapasita, shahidi wa uongo anayejidai kuwa fezi ya tatu. Ushahidi wake ulikubaliwa mpaka mwembe mbichi ulipouma, kisha ikapasuka kama bisi. Dalali nilimpigia simu, akasema, "Lakini mzee, hukuuliza," nami nikakosa la kumjibu.

Juzi akaja yule mama muuza chapati kudai fedha ya mahamri. Nilipokuwa nahesabu sarafu alipitisha kiganja chake juu ya meza ya Leicester, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Fundi," akasema, "chuma hiki kina ubaridi wake, na kimenyooka kuliko kibao changu. Nikikupa shilingi hamsini kwa siku?"

Nililitoa bamba la meno, nikalitundika ukutani. Tangu jana anasukumia chapati pale, wateja wake wamejipanga juu ya mikeka ile ile, na mzee Muorma, ambaye ng'ombe wake yaonekana hawakuuzika, amekwisha kula nne. Mama hana lalamiko ila moja, kwamba ule ufa wa msumeno unameza unga wake. Akaniomba kijibao chembamba cha kuuziba, urefu wa shubiri moja na nusu. Nikauangua msumeno wangu wa mkono msumarini, nikakaa chini, nikamkatia.