Sifa za Tundu Lisilongoja Hodi

Wengine wasifu karafuu za Pemba. Mimi leo nalisifu tundu, lile lililomo ndani ya ruta iliyo juu ya kabati langu la vyombo, ikipepesa taa usiku kucha kama mlinzi aliye macho.

Kwenye vitabu vya wataalamu linaitwa CVE-2014-9222. Jina la utani ni Misfortune Cookie, kidakuzi cha mkosi. Watafiti wa Check Point walipolitangaza Desemba 2014, walilikuta kwenye vifaa visivyopungua milioni 12, katika nchi 189. Nitajie msanii wa Bongo Fleva aliyefika kote huko.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Sisi watu wa pwani twajigamba kwa ukarimu, lakini kwetu mgeni sharti abishe hodi, aitikiwe, avue viatu, aulizwe habari za huko atokako, na siku ya tatu apewe jembe. Tundu halina makuu hayo. Mgeni hutuma kidakuzi kimoja kilichopindwapindwa, kumbukumbu ya kifaa inavurugika, na papo hapo anahesabiwa kuwa mwenye nyumba. Nywila haulizwi. Anaweza kuchungulia tunakopita mtandaoni, kutupeleka kwenye benki ya bandia, kunyata hadi kwenye kompyuta ya mtoto. Akae hata mwaka, jembe halioni. Na mimi nilijitungia nywila ya herufi 16 ambayo mama watoto mpaka leo hajaikariri!

Lina subira pia. Na halidai bili.

Umri wake ndio unaonipandisha presha. Tundu limo kwenye RomPager, programu ndogo inayoendesha ukurasa wa mipangilio ndani ya ruta. Wenye programu hiyo, AllegroSoft, walishaliziba mwaka 2005. Elfu mbili na tano! Waunda ruta wakaendelea kupakia toleo la zamani. Dawa ipo, na watoto wanazaliwa na ugonjwa.

Nikaipigia kampuni iliyonipa ruta. Jina lake nalihifadhi. Baada ya muziki wa dakika 40, binti akaniuliza, "Kaka, umejaribu kuizima na kuiwasha?" Nilijaribu. Tundu likaamka limechangamka. Nikaomba sasisho, akasema hilo ni la kiwandani. Basi nitaliweka mwenyewe? Haiwezekani, ukurasa wa mipangilio wameufunga kwa nywila yao, "kwa usalama wako, mteja wetu." Yaani mdukuzi nisiyemjua aingie nyumbani kwangu, mimi nibaki barazani!

Fundi wao alikuja Jumamosi. Akabisha hodi mara tatu, akavua viatu, akanywa chai, akabadilisha waya wa umeme. Ruta ni ileile, ila sasa ina kibandiko kipya mgongoni: *Usimpe mtu yeyote nywila yako.*