Mgonjwa Mwenye Jina Langu

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Afya,
Ndeke House, Lusaka.

Salamu kutoka Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Sisi huku hatujambo kiasi. Yule mwenzangu wa kwenye rejista yenu hajambo kabisa, maana yeye dawa hupata.

Homa iliponishika nilikwenda kliniki moja, jina nalihifadhi. Kidole kikatobolewa, kipimo kikatoa mistari miwili, na ba nesi akaniandikia kwenye daftari langu la shule, ambalo huku ndilo faili letu la matibabu: Coartem ya malaria, vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Dirishani nikaambiwa dawa zimekwisha, nikanunue. Lakini rejista ilikuwa wazi mbele yangu, nami maandishi ya kichwa chini huyasoma vizuri tu. Jina langu, kijiji changu, vidonge 24, vimetolewa. Pembeni, saini yangu! Imepambwa kuliko ninayoiweka mwenyewe. Nikaenda duka la dawa nikauziwa boksi lililopigwa chapa kwamba haliuzwi.

Sijaja kulalamika, Waheshimiwa. Nashukuru kwamba jina langu limetibiwa, ingawa mwili ulibaki foleni. Tena nimejifunza jambo: dawa ya serikali haitoki stoo hivi hivi, lazima hesabu impate wa kuimeza. Kwa hiyo mwizi mdogo wa dirishani, kabla hajaiba boksi, huiba kwanza mgonjwa. Wakubwa wanaopakia malori sijui kama wanahitaji usumbufu huo.

Maana malori yapo. Mei 8, 2025, Balozi wa Marekani Michael Gonzales alitangaza kwamba watu wake walipita kwenye maduka ya dawa zaidi ya 2,000 nchini wakakuta dawa za msaada zikiuzwa, na kwamba nchi yake itapunguza msaada wa dola milioni 50 kwa mwaka, dawa za malaria zikiwemo. Akasema pia kwamba wakubwa wa serikali walikwisha kuelezwa tangu mwaka uliotangulia, katika mikutano zaidi ya 30. Mikutano zaidi ya thelathini! Natumaini chai ilikuwepo, na kila aliyekunywa alijisainia mwenyewe.

Adhabu imeshuka huku. Nchelenge, wilaya yetu, watafiti wa malaria wameizoea kama nyumbani, kwa kuwa ugonjwa haupungui licha ya vyandarua na kupulizia dawa. Mbu wetu hawakuhudhuria hata mkutano mmoja. Wala mama aliyekimbia Kongo akapewa kiwanja kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala hakuuza boksi lolote. Yeye hana hata duka la nyanya.

Nashangaa, kwa sababu serikali hii kuhesabu inajua. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa, na ole wako ukamatwe na wavu. Gunia la chisense likielekea mpakani Kasumbalesa hulipiwa ushuru. Dagaa huyo, mdogo kuliko kidole, ana karatasi zake zote. Boksi la Coartem linapita kama mgeni wa harusi.

Mkitaka kujifariji, wengine nao wanao wizi wa majina kama huu. Mwaka 2023 Wakenya waliona kwenye runinga ya NTV wazee wa vijijini walioahidiwa matibabu ya bure, kumbe ankara zinapelekwa kwenye mfuko wa bima ya afya, NHIF, kwa majina yao. Na sisi tunayo bima ya afya ya NHIMA, ambako mwenye ajira hukatwa asilimia moja ya mshahara na mwajiri wake huongeza nyingine. Shemeji akija kuazima kadi yako ya bima, mtu anaona ni undugu. Kesho sukari ya shemeji imo kwenye faili lako, na daktari atakutibu ugonjwa usiokuwa wako huku wako ukisubiri.

Ombi langu ni dogo. Mgonjwa aonyeshwe mstari wake kwenye rejista, ahesabu vidonge mkononi, ndipo asaini, na asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyekuja naye, si na mwenye kalamu. Kila mwezi kamati ya afya ya kijiji ichukue majina kadhaa iende milangoni kuuliza: ulikuja siku hiyo? Ulipewa? Kazi ya asubuhi moja kwa baiskeli. Na wakaguzi wa dawa wa ZAMRA wakiingia dukani waulize boksi limetoka wapi, badala ya kuishia kukagua leseni ukutani.

Nakala ya barua hii naipeleka Tume ya Kupambana na Rushwa. Majibu nitakuja kuyachukua mwenyewe. Akitangulia mwingine mwenye jina langu na ile saini nzuri, msimwache aondoke: muulizeni vile vidonge 24 alivimeza na maji ya wapi.

Wenu katika foleni,
Mgonjwa halisi, Kashikishi.